Kushoto, Kulia

Mimba yangu ilikuwa faili la kijani.
Miaka minne ilinenepa kwa mihuri:
vipimo vya damu, hati ya nyumba, barua ya paroko,
picha za jikoni kwetu, Bosa
(mama wa ustawi alifungua hata friji).
Wanaosema kulea mimba si kazi
hawajabeba mimba ya makaratasi.

Kisha Plovdiv, mwezi wa pili, theluji ya kijivu.
Chumba chenye harufu ya kabichi na klorini,
viti vya watoto, nasi tumevikalia
magoti yakikaribia kidevu.
Akaletwa. Miaka mitano, sweta ya kuazima,
mikono imepotea ndani ya mikono ya sweta.
Siku sita tulijenga naye gereji ya matofali ya plastiki.
Siku sita aliibomoa, akatutazama tutafanya nini.
Tulijenga tena.

Siku ya saba mkalimani alitoka kupokea simu.
Nikaona nafasi. Swali nilikuwa nimelikariri
bafuni hotelini, mswaki mdomoni:
Utakuja kukaa nasi?
Zaprian alinitazama
kama fundi anayekagua kitambaa cha mteja.
Kichwa chake kikaenda kushoto,
kikaenda kulia,
taratibu, mara tatu, bila hasira.

Sikumwambia Bachisio.
Sikumwambia mkalimani, wala padri.
Tulirudi nyumbani kusubiri mahakama,
na kwa miezi mitano mume wangu alipaka chumba manjano
akipiga mluzi, nami nikimshikia ngazi,
najua tunamwandalia chumba mtoto aliyekataa.
Kazini, duka la dawa, nilikosea kuhesabu vidonge.
Kumchukua mtu asiyetaka, nilijiuliza,
kunaitwaje, kama si wizi?
Na bado nilinunua viatu, namba ishirini na nane.
Nikavirudisha.
Nikavinunua tena.

Mwezi wa saba tulimkuta mlangoni, kakalia begi,
kavaa koti la baridi, jasho likimtiririka.
"Tangu alfajiri," alisema mlezi wake, Bi Velichka.
"Na tangu mwezi wa pili anawatambia wenzake:
Mimi waliniuliza. Nikasema ndiyo."

Lakini alikataa, nikasema,
nikatikisa kichwa kama yeye, kushoto, kulia.
Mkalimani alicheka hadi akashika ukuta.
"Mama wee! Kwetu hapa hiyo ndiyo ndiyo.
Kuinamisha kichwa ndiko kukataa."
Miguu ikaniishia. Nikakaa sakafuni, mbele ya watu,
na huyo mtoto akaja kunipangusa pua
kwa mkono wa koti lake.

Nyumbani, mama mkwe, Bonaria, alimwuliza: Supu zaidi?
Akainamisha kichwa. Bibi akajaza bakuli.
Akainamisha tena, kwa nguvu. Bibi akajaza tena,
akisema, huyu kweli ni damu yetu.
Wiki mbili kijana alishiba kwa makosa.

Sasa ana miaka minane. Shule imemgeuza:
anakubali kama sisi, anakataa kama sisi,
anamtukana refa kwa Kisardinia cha bibi yake.
Lugha ya kwanza imemtoka neno moja moja
kama meno ya utoto.
Nimeokota machache. Mengine sikuyasikia yakianguka.

Ila usiku mwingine, nikipita na nguo za kupiga pasi,
naona kichwa chake kikisogea juu ya mto,
kushoto,
kulia,
taratibu, mara tatu.
Kuna mtu huko anamwuliza kitu.
Naye anamjibu ndiyo.

Nazima taa ya korido.
Simwamshi.